Mose Allison: nyimbo zake zimeimbwa na kila mtu, mbona mwenyewe hatumjui?

#1 Vidole Kumi
Wakuu, salaam.

Napiga kinanda kwenye baa ya hoteli moja ufukweni, siku nne kwa wiki. Kazi yenyewe mnaijua: watalii wanakula pweza, wewe unazungusha zile nyimbo sita wanazozijua, wanapiga makofi mawili, unaanza upya. Juzi mzee mmoja wa Kizungu, kakaa peke yake, akaniletea karatasi ya kufutia mikono. Kaandika kwa kalamu: Mose Allison. Nikamwambia huyo simjui. Hakukasirika. Akatabasamu kama mtu aliyezoea jibu hilo, akalipa bia yake, akaenda kulala.

Kufika nyumbani nikatafuta. Kumbe nyimbo tatu za huyu bwana nazijua tangu niko sekondari, kwenye santuri za kaka yangu! Moja ndiyo inayofungua ile albamu ya The Who, bendi ya roki ya Waingereza, waliyorekodi jukwaani Leeds mwaka 1970. Nyingine, Parchman Farm, imo kwenye albamu ya Waingereza John Mayall na Eric Clapton ya 1966. Ya tatu aliiimba Bonnie Raitt, 1973. Zote katunga mpiga piano mmoja wa Mississippi, wa jazi na bluzi, aliyekaa jukwaani zaidi ya miaka 50 akiimba tungo zake mwenyewe. Na mimi ninayekula kwa kinanda sikuwahi kumsikia.

Naomba kuelimishwa. Inakuwaje nyimbo zinazunguka dunia, mwenye nyimbo anaishia kuandikwa kwenye karatasi ya kufutia mikono?

#2 Mgeni Njoo
Nimeweka mkeka hapa. Waje wenye santuri.

#3 Kalamu Butu
Jibu moja tu: alidhulumiwa. Wanamuziki wote hudhulumiwa. Uzi ufungwe.

#4 Mzee wa Santuri
Usifungwe. Vidole Kumi, marahaba, hata kama shikamoo yako sijaiona.

Mose Allison alizaliwa Novemba 11, 1927, karibu na Tippo, kaunti ya Tallahatchie, katikati ya nchi ya pamba inayoitwa Delta ya Mississippi. Baba yake alikuwa na duka, na piano alikuwa anaigusa. Mtoto alianza kufundishwa akiwa na miaka 5, lakini shule yake hasa ilikuwa ile mashine ya muziki ya kutumbukiza sarafu, pale kituo cha mafuta cha kijijini. Huko ndiko alikowasikia watu wa bluzi. Baadaye akapita jeshini, kisha akamaliza Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana mwaka 1952: Kiingereza ndiyo somo kuu, falsafa pembeni.

1956 akahamia New York. Kilichomlisha huko mwanzoni hakikuwa kuimba. Alikuwa anawapigia piano wapuliza saksafoni wakubwa: Stan Getz, Al Cohn, Zoot Sims, Gerry Mulligan. Albamu yake ya kwanza, Back Country Suite, ikatoka 1957 kwa lebo ya Prestige. Ni albamu ya mpiga piano! Humo ndani anafungua mdomo mara mbili tu. Na mojawapo ya hizo mara mbili ndiyo huo wimbo wa The Who. Kwenye santuri yake uliandikwa "Blues" tu, una dakika moja na nusu. The Who wakauvuta mpaka karibu dakika tano.

Jibu langu kwa swali: aliingia kwa mlango wa jazi, akawekwa kwenye rafu ya jazi, na vijana waliokuwa wananunua santuri miaka ya 60 rafu hiyo walikuwa hawaifikii.

#5 Kipusa wa Mikindani
Jamani mimi miaka yote nilijua Allison ni mwanamke 😂 Kuna bendi inaitwa Pixies, wana wimbo wa 1990 jina lake Allison. Nikajua wanamwimbia msichana aliyewakataa.

#6 Mzee wa Santuri
Dada, ni huyu huyu. Walikuwa wanamwimbia mzee wa miaka 62 mwenye kipara.

#7 Kipusa wa Mikindani
Nimelia kwenye mto kwa wimbo huo. Nimeaibika.

#8 Kalamu Butu
Bado nasimamia dhuluma. Mfano mwingine huu hapa: The Seventh Son ni wake, lakini ulimtajirisha Johnny Rivers mwaka 1965. Yeye alipata nini?

#9 Mzee wa Santuri
Hakupata kitu kwa sababu si wake. Huo kautunga Willie Dixon, na aliyeurekodi kwanza ni Willie Mabon, 1955. Allison aliuimba vizuri mno watu wakadhani kautunga. Kwa hiyo usisahau, naye yumo kwenye kundi la walioimba vya wenzao. One Room Country Shack ni ya Mercy Dee Walton. Eyesight to the Blind ni ya Sonny Boy Williamson, jirani yake wa Tallahatchie huko huko.

#10 Kalamu Butu
Sawa mwalimu. Nimepata sifuri kwenye swali la pili.

#11 Mwanasheria wa Kijiweni
Niingie kidogo kwa upande wa sheria, maana "dhuluma" ni neno pana na mara nyingi linafunika jambo rahisi kuliko hilo.

Marekani, ukisharekodi wimbo wako na ukatoka sokoni, mtu yeyote anaruhusiwa kuurekodi upya bila kukuomba. Kinachotakiwa ni akulipe kile kiwango cha sheria. Huwezi kumkatalia. Sasa kiwango chenyewe: kuanzia sheria ya 1909 hadi mwisho wa 1977 kilikuwa senti 2 kwa nakala. Miaka karibu 70, mkate unapanda bei, senti 2 zimekaa pale pale! Mwaka 1978 ndiyo zikapanda kuwa senti 2 na robo tatu.

Piga hesabu. Wimbo wako umo kwenye santuri iliyouza nakala milioni moja: dola 20,000. Hapo mchapishaji wa muziki hajachukua fungu lake, na desturi ilikuwa nusu kwa nusu. Kwa hiyo dola 10,000, kwa wimbo uliowajaza wengine viwanja. Hakuna aliyeiba. Kila mtu amefuata sheria.

Na redio ya Marekani inamlipa mtunzi, haimlipi aliyeimba. Hapo angalau alikuwa upande wenye nafuu.

#12 Kalamu Butu
Yaani unaniambia dhuluma ipo, ila ina muhuri.

#13 Mwanasheria wa Kijiweni
Nimeishia kwenye hesabu. Mengine umesema wewe.

#14 Bin Shamte
Wakuu, kuna jambo hapa mnalizunguka. Huyu bwana alikuwa mweupe.

Tallahatchie anayoisema Mzee wa Santuri ndiko mwili wa Emmett Till ulikotolewa mtoni mwaka 1955. Mtoto mweusi wa miaka 14, kauawa na weupe. Kesi ilisikilizwa Sumner, kaunti hiyo hiyo, na wauaji wakaachiwa. Mwaka mmoja baadaye Allison yuko New York anapiga piano. Na wimbo uliompa jina kuliko yote, Parchman Farm, unamhusu mfungwa anayeokota pamba kwenye gereza la Parchman, Mississippi. Gereza la kweli hilo, shamba kubwa kabisa, na waliojaa humo ni watu weusi. Wale vijana waliopanda mabasi kupinga ubaguzi mwaka 1961 walifungiwa humo humo.

Bukka White, mwimbaji mweusi wa bluzi, alifungwa Parchman yeye mwenyewe, akarekodi wimbo juu ya gereza hilo 1940. Nani anamkumbuka? Mimi naona Allison hakufichwa na mtu. Kama kuna aliyefichwa, tuanzie kwa Bukka.

#15 Mgeni Njoo
Uzi umekuwa mzito ghafla. Naongeza mto kwenye mkeka.

#16 Ughaibuni
Bin Shamte una hoja, ila tuitazame pande zote. Allison hakuwahi kujidai ametoka jela. Waingereza wengi waliosikia santuri zake kabla ya kuona picha walidhani ni mweusi, na hilo limewaaibisha wao kuliko yeye. Yeye mwenyewe mwaka 1982 alitoa albamu akaiita Middle Class White Boy, kijana mweupe wa tabaka la kati. Kajitania kabla hujamtania.

Na kuimba kwake hakuigi. Sikiliza: haungurumi, halii, hapandishi. Anasema maneno kama mtu anayekusomea bei ya sukari. Lafudhi ni ya kwao Mississippi, sauti nyembamba, kavu.

Mimi nilimwona London, Soho, kwenye kilabu kimoja cha chini ya ardhi wanachouza piza. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, naye keshapita 70. Kaingia, kakaa, hakusalimia. Akaanza. Wimbo ukiisha anaanza mwingine kabla makofi hayajakauka. Saa nzima. Kati ya nyimbo hakusema neno. Akainuka, akainamisha kichwa kidogo, huyo. Watu wa pale walikuwa wanakuja kila mwaka kama wanaokwenda maulidi.

#17 Shangazi Rukia
Na mimi niseme kuhusu hiyo Parchman Farm. Mwishoni yule mfungwa anasema kosa lake lote ni kwamba alimpiga risasi mkewe, basi. Na watu wanacheka. Ninyi wanaume mnaupenda kwa piano yake, mimi nauliza huyo mke alikuwa na jina?

#18 Mzee wa Santuri
Shangazi, hukosei, na si wewe wa kwanza kusema. Miaka ya baadaye aliacha kuupiga kabisa, hata wakimwomba. Wimbo wake unaojulikana kuliko yote, akaufungia kabatini.

Nami niongeze cha kuchekesha kidogo tupumue: bendi moja ya kelele, Blue Cheer, waliurekodi 1968 wakaandika jina Parchment Farm. Yaani shamba la karatasi za ngozi. Labda hawakujua hata kama ni gereza.

#19 Kalamu Butu
Hapo ndipo senti 2 zinapouma.

#20 Besi Nne
Mimi ni mpiga besi, niwape sababu ya kifundi.

Huyu mzee alikuwa hatembei na bendi. Anapanda ndege peke yake, akifika mji fulani anakutana na mpiga besi na mpiga dramu wa hapo hapo, wanaelewana mchana, usiku wanapiga. Kesho mji mwingine, watu wengine. Faida yake ni kubwa: hulishi watu watatu hotelini, huzozani na mtu, unabaki na chako. Ndiyo maana aliweza kufanya kazi mpaka uzeeni. Hasara ni kwamba hakuna kijana wa kumwona na kusema "ile bendi". Miaka ya 60 na 70 watu walipenda bendi. Watu wanne wenye nywele, gitaa, ukuta wa spika. Yeye ni mtu mmoja kakaa pembeni ya sanduku jeusi la mbao. Piano huwezi kuruka nayo.

Halafu ule mkono wa kushoto. Vidole Kumi umeujaribu?

#21 Vidole Kumi
Mkuu usiniambie. Nimekaa nao siku tatu.

Mimi nilijua bluzi ni ule mzunguko wa vipimo 12, kodi tatu (siyo za TRA), unafumba macho unafika. Huyu mzunguko anaufuata lakini mkono wa kushoto hauji pale ninapoungoja. Unakuja pembeni, unajibu jambo ambalo mkono wa kulia haujasema. Na sauti iko mahali pa tatu. Ni watu watatu wanaongea na kila mmoja kageukia ukuta wake. Nikiimba mkono unasimama. Nikipiga nasahau kuimba. Mke wangu kaniuliza kama kinanda kimeharibika.

#22 Besi Nne
😂😂 Mwambie shemeji kimepona. Alikuwa anasikiliza sana watunzi wa klasiki wa Ulaya kama Bartók na Hindemith, kwa hiyo kipande cha katikati, pale anapoacha kuimba akapiga peke yake, hicho hakitoki kituo cha mafuta. Na mwenyewe alikwambia kwenye kila onyesho: mimi ni mpiga piano anayeimba. Nyinyi mnasema mtunzi. Mwenye bluzi akija anaona piano imechanganyikiwa. Mwenye jazi akija anaona mbona huyu anaimba vichekesho.

#23 Ughaibuni
Hapo kwenye "alikwambia kwenye kila onyesho", nilikuwepo, hakusema neno.

#24 Besi Nne
Alisema kwa vidole.

#25 Shangazi Rukia
Hebu nirudi kwenye tungo zenyewe maana mnazipita.

Nimekaa nikazisikiliza na mwanangu akinifasiria pale ninapokwama. Wanangu, hivi ni vijembe. Sisi Pwani tunavijua. Ule wa 1962 wa mtu ambaye akili yake imekwenda likizo lakini mdomo uko kazini, huo ungeandikwa kwenye kanga kesho asubuhi na majirani wangenuniana mtaa mzima. Na ule alioimba Bonnie Raitt, kila mtu analilia huruma na maana ya neno lenyewe hawaijui. Ni wa 1968, vita vya Vietnam vimepamba moto. Kataja Vietnam? Hakutaja. Kataja rais? Hakutaja. Kasema tu, kwa upole, kila aliye karibu akagusa shavu lake.

Sasa kijembe kina tabia moja. Lazima anayepigwa awepo ukumbini, na waliobaki wamjue. Taarabu inanoga kwa sababu bibi anainuka na noti yake anakwenda kutunza mbele ya mbaya wake. Ukikirekodi kijembe ukakiuza Uingereza kwa vijana wenye magitaa, wanachukua maneno, wanapiga kelele. The Who wamepiga kelele tupu! Ule wimbo unasema kijana wa leo hana kitu, fedha ziko kwa wazee. Mwenyewe kauimba kama anayeinua mabega. Wao wameuimba kama wanaovunja duka. Mimi nasema umaarufu ulikwenda kwa kelele, kijembe kikabaki nyumbani.

#26 Kipusa wa Mikindani
Shangazi, naomba ufungue darasa.

#27 Mgeni Njoo
"Kijana hana kitu, fedha ziko kwa wazee." Na mmesema ni wa 1957? Sisi tulidhani tumeanza sisi na bodaboda.

#28 Bin Shamte
Shangazi kagusa penyewe. Ila The Who niwatetee: kijana wa Kiingereza wa 1970 hasira yake ilikuwa ya kweli. Wimbo mzuri unakaa kwenye hali zote mbili.

#29 Mkongo wa Kariakoo
Nawasalimu. Mmesema kahamia New York 1956. Mwaka huo huo kule Léopoldville ndiyo inazaliwa O.K. Jazz ya Franco. Nataka kusema tu.

#30 Kalamu Butu
Nilikuwa nahesabu dakika. Uzi wowote wa muziki humu, lazima Franco aingie kabla ya bandiko la 30. Umewahi kwa moja tu.

#31 Mkongo wa Kariakoo
Mimi natoa historia bure.

#32 Mgeni Njoo
Hapo hapo niulize na hili limenisumbua tangu utoto. Tabora Jazz, Western Jazz, Morogoro Jazz, Nuta Jazz. Hizi ndizo jazi anazopiga huyu mzee? Mbona babu yangu alikuwa anazicheza kwa kuburuza miguu?

#33 Mzee wa Santuri
Hapana. Kwetu "Jazz" ilikuwa na maana ya bendi yenye vyombo vya kisasa, magitaa na matarumbeta, ya kupiga dansi. Kilichopigwa kilikuwa rumba na mitindo yetu. Mose Allison angefika Tabora mwaka ule wangemwonyesha sehemu ya kusimama gitaa la besi, kinanda wangemwambia kipo kanisani.

#34 Mkongo wa Kariakoo
Lakini kuna kitu sisi tulikuwa nacho wao hawakuwa nacho. Kwenye rumba na kwenye dansi lenu, jina la mtu linatajwa ndani ya wimbo. Mpiga gitaa akianza kuchangamka, mwimbaji anamwita kwa jina. Mtu wa Bukavu ambaye hajawahi kuona picha anamjua mpiga solo kwa sababu kaitwa mara nne. Nani alimwita Allison ndani ya wimbo? The Who walitaja? Jina liko kwa maandishi madogo kama sisimizi pale katikati ya santuri, na kaka yake Vidole Kumi hakusoma.

#35 Vidole Kumi
Kaka alikuwa anaficha karatasi za katikati ili tusijue anasikiliza nini. Ila hoja hiyo naichukua, Mkongo. Leo nimekuheshimu.

#36 Mwanasheria wa Kijiweni
Rekodi: tarehe ya leo, Mkongo wa Kariakoo kasema jambo likakubalika.

#37 Baba Neema
Huwa nasoma tu humu siandiki, lakini suala hili limenigusa.

Mimi natunga nyimbo za kwaya. Miaka kama 18 iliyopita nilitunga wimbo wa matoleo, nikaupa kwaya ya parokia yetu. Nota zikatolewa nakala, zikapelekwa kigango cha jirani, huko zikatolewa nakala ya nakala. Unajua mashine ikikata karatasi juu, jina ndilo linaloondoka. Mwaka juzi nilikwenda msibani mkoa mwingine. Kwenye misa wakagawa nota, nimesimama na sauti ya nne, natazama: ni wimbo wangu. Juu pameandikwa kwa mkono "Mtunzi: hajulikani".

Nikaimba. Pale kwenye kituo cha tatu wamebadilisha noti mbili, na nasema ukweli, wameboresha.

Mwalimu wao wa kwaya aliponiuliza baada ya misa kama huo wimbo kwetu tunaufahamu, nikasema tunaufahamu. Sikuongeza. Mpaka leo sijui kwa nini sikuongeza. Labda nilitaka kuusikia unavyotembea bila mimi. Kwa hiyo mnaposema huyu mzee alidhulumiwa, alifichwa, alikosea mlango, mimi nauliza tu: mnajua yeye alitaka nini?

#38 Kipusa wa Mikindani
Baba Neema 😢 Wimbo gani huo? Tuwekee humu.

#39 Kalamu Butu
Pole mkuu. Lakini ungesema! Wewe ndiye unatuharibia mapambano.

#40 Ughaibuni
Baba Neema, swali lako ndilo jibu langu. Tuache habari ya kufichwa. Mwaka 1996 Van Morrison, Georgie Fame na Ben Sidran walikaa wakarekodi albamu nzima ya tungo zake, na mwenyewe yumo humo anaimba nao. Elvis Costello karekodi. The Clash wamerekodi, 1980. Mwaka 2010, ana miaka 82, hajaingia studio miaka 12, mtayarishaji Joe Henry akamfuata, ikatoka albamu The Way of the World. 2013 akapewa ile heshima ya taifa lao ya magwiji wa jazi, NEA Jazz Masters. Kijijini Tippo kuna bango la historia lenye jina lake kando ya barabara. Akafa Novemba 15, 2016, siku nne baada ya kutimiza miaka 89.

Alikuwa na nyumba Long Island, mke yule yule, watoto wanne, mmoja wao, Amy, naye mtunzi na mwimbaji. Usiku anakwenda kazini, anapiga alichotaka na asiyekitaka hakuja. Huyo kakosa nini?

#41 Kalamu Butu
Kakosa fedha.

#42 Ughaibuni
Umeona akaunti yake?

#43 Kalamu Butu
Nimeona hesabu ya Mwanasheria, bandiko la 11.

#44 Mwanasheria wa Kijiweni
Ile ilikuwa mfano! Msinipeleke mahakamani kwa mfano.

#45 Bin Shamte
Ughaibuni, orodha yako yote hiyo ni ya watu wanaomheshimu mtu mwenzao. Bango la Tippo sawa. Swali langu la Bukka White bado liko pale pale kwenye bandiko la 14, mmelipita kama ombaomba.

#46 Mzee wa Santuri
Bin Shamte, sijalipita, sina jibu la kukuridhisha. Bukka White alirekodiwa gerezani 1939 na John Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za kienyeji, akatoka, akarekodi Chicago 1940, kisha akasahaulika mpaka miaka ya 60 vijana wa Kizungu walipomtafuta. Wimbo wake na wa Allison ni nyimbo mbili tofauti, maneno tofauti. Ila mlango ambao Allison aliupita akaenda chuo kikuu kisha New York, White hakuwa nao. Hapo nakubaliana na wewe. Uliobaki ni ubishi wa nani anahesabu nini.

#47 Bin Shamte
Nimepokea nusu.

#48 Mgeni Njoo
Kwa mgeni kama mimi, nianze na albamu gani? Naomba jibu fupi.

#49 Mzee wa Santuri
Back Country Suite, 1957.

#50 Shangazi Rukia
Ile ya 1968. Vijembe vimekomaa.

#51 Besi Nne
Yoyote ya jukwaani. Mengine ni picha ya chakula.

#52 Mgeni Njoo
Asanteni, nimechanganyikiwa rasmi.

#53 Vidole Kumi
Wakuu, mrejesho.

Jana nilijikaza. Kile kipande cha kushoto nimekirahisisha, Besi Nne usinichape. Nimefika hotelini mapema nikamtafuta yule mzee wa karatasi. Mapokezi wakaniambia kaondoka asubuhi, ndege ya saa nne. Basi nikasema nitaupiga hivyo hivyo. Saa nne kasoro usiku, baa imebaki meza moja ya Wajerumani wanaolipa. Nikaupiga mwanzo hadi mwisho nikiimba. Niliteleza mara mbili. Wajerumani hawakugeuka.

Mhudumu wa kaunta, kijana wa hapa hapa, akaacha kufuta glasi akasikiliza mpaka mwisho. Akaja. "Kaka, huo mkali. Umetunga wewe?"

#54 Kipusa wa Mikindani
Ukasemaje????

#55 Kalamu Butu
Vidole Kumi, fikiria vizuri kabla hujajibu. Senti 2 zinakutazama.

#56 Vidole Kumi
Nilichoka jamani. Nikasema "ndiyo, ila bado naurekebisha".

#57 Baba Neema
😂 Hajulikani.

#58 Mzee wa Santuri
Ulipiga upi? Kama ni The Seventh Son, mrudie huyo kijana leo ukatubu kwa jina sahihi. Huo ni wa Willie Dixon.